Sauti katika Nyumba ya Kimya: Maktaba za Umma, Matamasha ya Vitabu na Mwandishi wa Kiswahili mbele ya Hadhira

Katika Kiswahili cha pwani kitenzi kusoma hakijawahi kuwa na maana ya macho peke yake. Mtu husoma kitabu, lakini pia husoma Maulidi, husoma hitima, husoma dua. Na katika matumizi hayo yote linalotangulia ni sauti. Msomaji wa Maulidi hasomi ili ajue kilichoandikwa, kwani pengine amekihifadhi tangu utotoni. Anasoma ili waliohudhuria wasikie na waitikie. Maana hiyo ilisafiri mbali na bahari. Katika Buganda ya karne ya 19 watu walioingia katika dini mpya zenye kitabu, Uislamu kwanza na Ukristo baadaye, waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na jina hilo lilitaja kundi la watu wanaokusanyika, wala si tabia ya mtu mmoja aliyejitenga na kitabu chake.

Maneno mengine ya uwanja huu yanaelekea upande huohuo. Hadhira, kuhudhuria na mhadhara yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali. Hakuna mhadhara pasipo watu waliopo. Tamasha limefika katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambacho nacho kilikopa kutoka mzizi wa Kiarabu wa kutembea, na maana yake ya awali ilikuwa kwenda pamoja kutazama. Kuandika kwenyewe, kabla ya kubanwa na kalamu, kulikuwa pia kupanga na kutandaza, kama inavyobaki katika usemi wa kuandika meza: mwenye nyumba huandika meza kwa sababu anatarajia wageni. Haifai kuyachukulia maneno kuwa ushahidi kamili wa historia, kwa sababu neno huweza kuishi muda mrefu baada ya desturi iliyolizaa kufa. Hata hivyo maneno haya yanatosha kuzua swali. Iweje lugha iliyouona usomaji kuwa jambo la mkutano ipewe, katika karne ya 20, maktaba ambayo sharti lake la kwanza ni kunyamaza? Na matamasha ya vitabu yanayofanyika leo ndani ya maktaba hizo, ambamo mwandishi huketi mbele ya watu akasoma na kuulizwa maswali, ni ugeni mwingine ulioingia, au ni jambo la zamani lililopata mlango wa kurudia?

Ushahidi wa zamani uko wazi zaidi katika tenzi. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkal. Chuo hapa ni kitabu. Ndiyo maana ya kale ya neno hilo, kabla halijawa jina la mahali pa kufundishia watoto Kurani na, katika nyakati za karibuni, jina la taasisi ya elimu ya juu. Kitabu, mahali pa kufundishwa na mkusanyiko wa wanafunzi vilikuwa vitu vya jirani mno hata neno moja likavitosha. Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu juu ya karatasi, ukanakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa katika nyumba za watu. Lakini ulipotumika, ulighaniwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, ulitoka katika faragha ya mama na mwana ukawa mali ya wanawake wa Lamu na kwingineko, ukisikilizwa na wengi ambao huenda hawakuwahi kumiliki nakala yake.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi namna mambo hayo yalivyoungana ni Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji wa mbao, mshairi na mjuzi wa ngoma na muziki. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens walimtegemea awanakilie tenzi, na sehemu ya kazi ya mkono wake imehifadhiwa London. Ni vyema kuzingatia kilichopotea njiani. Miswada ilisafiri, ikawekwa katika maktaba iliyo bora kwa hifadhi na kwa orodha. Sauti ya mtu aliyejua jinsi ubeti unavyopaswa kushuka haikusafiri nayo. Tangu hapo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amekuwa akikutana na utenzi kwanza kama karatasi iliyonyamaza.

Maktaba ya umma ya kwanza katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya haikujengwa na serikali ya kikoloni. Ilifunguliwa Mombasa mwaka 1903 kwa jina la Seif bin Salim, ikiwa maktaba na chumba cha kusomea bila malipo. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, pengine kwa sababu hadithi ya maktaba katika Afrika Mashariki imezoea kuanzia Nairobi, na kuanzia kwenye nguzo za jengo moja. Jengo hilo ni Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, kwa msaada pia wa fedha za shirika la Carnegie. Mlangoni wamelala simba wawili wa mawe. Ndani yake, hadi mwaka 1958, waliruhusiwa kusoma Wazungu peke yao.

Kwa hiyo kimya cha nyumba ile kilikuwa cha aina mbili, na ni muhimu visichanganywe. Kimya cha kwanza ni kanuni ya chumba cha kusomea, iliyokusudiwa kumlinda msomaji asisumbuliwe na jirani. Hiyo ni kanuni yenye hekima yake, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani katika nyumba ya chumba kimoja yenye watu saba anaijua thamani yake kuliko mtu yeyote. Kimya cha pili ni cha wale waliozuiwa mlangoni, ambao hawakuwa na nafasi ya kuvunja kanuni yoyote kwa kuwa hawakuingia. Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji la Nairobi iliichukua maktaba hiyo, na baada ya uhuru yakafunguliwa matawi katika mitaa ya mashariki ya jiji, Kaloleni na Makadara. Kimya cha pili kikaondolewa kwa sheria. Cha kwanza kikabaki, na pamoja nacho zikabaki rafu zilizojaa vitabu ambavyo jirani wa Kaloleni hakuwa ameombwa maoni juu yake.

Haitakuwa haki kudai kwamba kimya ni tabia ya Wazungu na sauti ni tabia ya Waafrika. Madai ya namna hiyo yamekwisha kuharibu tafiti nyingi. Katika Uingereza ya karne ya 19 magazeti yalisomwa kwa sauti katika vilabu vya pombe, na Charles Dickens, kuanzia mwaka 1858 hadi mwaka aliofariki, 1870, alizunguka miji akisoma kazi zake mbele ya maelfu ya watu waliolipa kiingilio. Matamasha ya waandishi kama yanavyojulikana sasa ni machanga hukohuko Ulaya: la Cheltenham lilianza mwaka 1949, la Edinburgh mwaka 1983, la Hay mwaka 1988. Maktaba ya kimya ilikuwa chaguo moja la kihistoria miongoni mwa machaguo kadhaa, na ndilo lililoletwa Afrika Mashariki likiwa limevaa sura ya kanuni ya milele.

Chombo kilichojaribu mapema kuyafikisha maandishi kwa wasomaji Waafrika wa makoloni yote matatu kilikuwa Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya uongozi wa Charles Richards, makao yake yakiwa Nairobi. Ofisi hiyo ilichapisha vitabu na, jambo linalokumbukwa kwa nadra, ilipeleka maktaba za masanduku katika vituo vya mashambani na kuazimisha vitabu kwa posta. Mwaka 1960 mshauri wake wa maktaba, Sydney Hockey, alitoa taarifa iliyopendekeza huduma za maktaba za kitaifa. Sheria za Tanganyika ya mwaka 1963, Uganda ya mwaka 1964 na Kenya ya mwaka 1965 zilifuata mwelekeo huo. Sanduku la vitabu lilikuwa kitu kidogo, lakini lilikuwa na sifa moja ambayo jengo kubwa halikuwa nayo: halikuwa na kuta. Lilifunguliwa shuleni au kwenye ukumbi wa kijiji, na kitabu kilisomwa mahali ambapo watu walikuwa tayari wanazungumza.

Upande wa Tanganyika, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya sheria ya maktaba. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa nathari ya Kiswahili wa kizazi chake hakupata kuingia katika maktaba ya taifa ambayo ingeviweka vitabu vyake mahali pa heshima. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha, na mtaa mmoja wa katikati ya jiji ukabeba jina la Maktaba. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliipa bodi ya huduma hizo madaraka mapana zaidi. Hiyo ndiyo historia ya majengo na sheria, nayo imeandikwa vya kutosha na wakutubi wenyewe.

Historia ya usomaji katika miaka hiyo ilikuwa ikipita kwingine. Takwimu rasmi zinaonyesha kwamba mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 waliobaki walihesabiwa kuwa asilimia 39, na mwaka 1986 chini ya asilimia 10. Takwimu za kampeni hazina budi kupokewa kwa tahadhari, kwa sababu mtu aliyefaulu jaribio la kisomo mwaka huu huweza kusahau mwaka wa tatu asipopata cha kusoma. Lakini ukubwa wa tukio haukanushiki. Na namna lilivyofanyika ndiyo inayohusu hoja hii. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kwa majuma 12. Redio ilitangaza, kijitabu kilichopigwa chapa kwa ajili hiyo kikasomwa kwa sauti na kiongozi wa kikundi au na mwanakikundi aliyejua, kisha watu wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Kampeni ya Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975 kwa utaratibu uleule.

Wataalamu wa elimu ya watu wazima wameijadili kampeni hiyo kama mafanikio ya afya na ya mawasiliano. Mwanaisimu huona humo pia jambo jingine: tukio kubwa mno la usomaji wa hadhara kwa Kiswahili, ambamo maandishi, sauti ya mbali na mazungumzo ya waliopo viliungana katika kikao kimoja. Kilichokosekana ni mwandishi. Kijitabu cha kampeni hakikuwa na mtu wa kuulizwa. Kikundi kiliweza kujadili namna ya kutekeleza, lakini hakikuweza kumwuliza aliyeandika kwa nini alichagua neno hili na si lile, wala kumwambia kwamba kijijini kwao mambo hayako hivyo. Kisomo kilimfanya mtu kuwa msomaji. Hakikumpa haki ya kujibizana na kitabu.

Kulikuwa na utanzu mmoja ulioikaribia haki hiyo. Baada ya Nyerere kukutana na washairi mwaka 1968 na kuwataka waieneze siasa mpya ya nchi, Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha UKUTA waliisitawisha ngonjera, ushairi wa majibizano unaoghaniwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira. Kwa muundo, ngonjera ni ubishani. Kwa matumizi yake ya miaka ile, mara nyingi ubishani uliisha mahali palipokwisha kuamuliwa, asiyejua akikubali kufundishwa na ajuaye. Wahakiki wameilaumu kwa hilo, na si bila sababu. Lakini ni kwa ngonjera kwamba mamia ya shule na mikutano ilizoea kumwona mtu akisimama na shairi lililoandikwa akalitoa kwa sauti, na hadhira ikajua wapi pa kucheka.

Nchini Kenya jaribio lililofika mbali zaidi halikuwa la Kiswahili, lakini haliwezi kuachwa. Kituo cha jamii cha Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru, kilikuwa na madarasa ya kisomo cha watu wazima kabla ya kuwa na jukwaa. Mwaka 1977 wakazi wake waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakiirekebisha lugha ya tamthilia wakati wa mazoezi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wenye lugha. Serikali iliyasimamisha maonyesho, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tangu Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ, iliyotoka mwaka 1980 na kufasiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, ilisomwa kwa sauti katika familia na katika baa, msomaji akinyamaza glasi ikiwa tupu ili anunuliwe nyingine. Habari hizo alizieleza mwandishi mwenyewe, na zinaonyesha kwamba watu walipopewa kitabu kilicho katika lugha yao walijitengenezea kikao bila kungoja maktaba iwaalike. Ngũgĩ alifariki mwaka 2025.

Miaka ya 1980 ilivunja mengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kusambaratika mwaka 1977, na pamoja nayo Ofisi ya Vitabu. Uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni uliwabana wachapishaji wa Tanzania. Wasomaji wapya waliozalishwa na kisomo walikuta rafu zinakauka. Katika pengo hilo waliingia waandishi wa riwaya pendwa, akiwamo Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, na baadaye Ben Mtobwa. Kadhaa kati ya waandishi wa fungu hilo walijichapishia. Vyuo vikuu viliwadharau kwa muda mrefu kupita kiasi. Inafaa kutambua kwamba hao ndio walioukuza usomaji wa Kiswahili usiokuwa na mtihani mbele yake, na kwamba walikutana na wasomaji wao barabarani, si maktabani.

Ndipo vinakuja vitu ambavyo leo huitwa matamasha. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao ulimhakikishia mchapishaji mnunuzi wa sehemu ya nakala na hivyo kumpa ujasiri wa kuchapa hadithi za watoto kwa Kiswahili. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi yalianza mwaka 1998. Mabaraza ya maendeleo ya vitabu katika nchi tatu yaliandaa wiki za vitabu, na mahema ya kusomea yalipigwa katika viwanja vya shule: watoto wakasoma, wakasimulia, wakaonana na mtu aliyeandika hadithi waliyoishika mkononi. Maonyesho na tamasha si kitu kimoja, ingawa magazeti huyachanganya. Maonyesho humkabili mnunuzi, na kwa kuwa wachapishaji wa nchi hizi huishi kwa vitabu vya kiada, mnunuzi wao wa kwanza ni shule. Tamasha, kama jina lake linavyodai, humkabili mtu aliyekuja kutembea na kutazama, ambaye huenda asinunue kitu.

Hali hiyo ya pili ilirejea Nairobi katika nyumba ileile yenye simba wa mawe. Mwaka 2018, baada ya kuunda shirika lao la Book Bunk mwaka uliotangulia, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka waliingia mapatano na Kaunti ya Jiji la Nairobi ili kuzikarabati maktaba tatu, yaani McMillan, Kaloleni na Makadara. Walianza na matawi ya mitaani kabla ya jengo kuu, uamuzi wenye maana kwa anayeijua historia ya mlango ule. Katika miaka ya 2020 maktaba hizo zikawa mwenyeji wa tamasha la fasihi liitwalo NBO Litfest, lenye vikao vya waandishi, masimulizi ya watoto na maonyesho ya sanaa. Chumba ambacho hadi mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuketi akasoma kwa kimya, kikawa na Waafrika wakizungumza humo kwa kipaza sauti juu ya vitabu walivyoviandika wao.

Ushindi huo ni wa kweli na haupaswi kupunguzwa. Linalobaki ni suala la lugha, na hapo ndipo matamasha ya vitabu ya Afrika Mashariki kwa jumla, wala si hilo moja, yanapojaribiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo utaratibu uliozoeleka mijini ni kwamba tamasha huendeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hupewa kikao chake, chenye mada yake na wageni wake, mara nyingi chini ya kichwa kinachohusu Kiswahili chenyewe. Mwandishi wa Kiingereza huulizwa juu ya mapenzi, siasa na kifo. Mwandishi wa Kiswahili huulizwa juu ya hali ya Kiswahili. Ni vigumu kufikiria namna nyingine ya kumheshimu mtu na kumweka pembeni kwa wakati mmoja. Tanzania haina tatizo hilo kwa sura hiyo, lakini ina lake: kikao cha mwandishi huelekea kugeuka hafla ya uzinduzi, ambapo mgeni rasmi huzungumza muda mrefu kuliko mwenye kitabu.

Kosa jingine la pamoja ni la vitabu teule. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, alifahamika kwa Wakenya wengi kwa sauti yake ya utangazaji wa televisheni kabla hawajafungua kitabu chake. Kwa maana hiyo alikuwa mrithi halali wa waghani, mtu ambaye maandishi yake na sauti yake vilijuana. Alifariki mwaka 2020. Lakini riwaya inapotahiniwa, kama ilivyokuwa Kidagaa Kimemwozea, maswali ya hadhira ya vijana hujulikana kabla mwandishi hajafika: dhamira ni zipi, mhusika mkuu ana sifa gani, jina la kitabu linafaa kwa kiasi gani. Mwandishi huombwa athibitishe mwongozo wa mtihani. Akijibu kwamba hajui, kikao huingiwa na wasiwasi.

Yapo mambo yaliyoanza kuibadilisha hali hii. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili, iliyoasisiwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Anna Samwel Manyanza alituzwa kwa Penzi la Damu na Mohammed Khelef Ghassany kwa diwani yake N'na Kwetu. Tuzo huzaa ziara, na ziara huzaa vikao ambavyo havifungwi na mtihani wowote. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na maktaba zikapata tarehe ya kuwaalikia waandishi, ingawa siku yenye hotuba nyingi za sifa kwa lugha huweza kupita bila mtu kusoma ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha hiyo.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaandika kwa Kiingereza, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kwa muda wote huo wasomaji wa kisiwa chake wasiosoma riwaya za Kiingereza walikuwa na habari zake tu. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Kazi ya mfasiri huyu ilikuwa ya pekee. Wahusika wengi wa riwaya hiyo, wafanyabiashara na watumishi wa msafara unaokwenda bara, hudhaniwa na msomaji kuwa wanazungumza Kiswahili. Mwandishi alikuwa amekwisha kuyafasiri mazungumzo yao kwa Kiingereza kabla ya kuyaandika. Mfasiri alilazimika kuyatafuta maneno ambayo, kwa namna fulani, yalikuwa yamekwisha kusemwa: utani, matusi, maamkizi, na tofauti ya jinsi mtumwa anavyomwita tajiri na jinsi tajiri anavyomwita mtumwa. Tofauti hizo zikisomwa kimya hupita upesi. Zikisomwa kwa sauti, msikilizaji wa Unguja au wa Bagamoyo huweza kusema papo hapo kama neno limekaa au halikukaa.

Kwa mkutubi anayepanga kikao cha namna hiyo tofauti ni ya utendaji. Kikao cha dakika 60 chenye mahojiano ya dakika 50 na maswali mawili ya mwisho ni kimoja. Kikao kinachoanza kwa dakika 20 za usomaji wa Kiswahili, kikiongozwa na mtu aliyejizoeza kuusoma ukurasa ule, na nakala chache zikigawiwa ili majirani wafuatilie kwa zamu, ni kingine. Mkutubi atahitaji mkalimani anayekalimani kutoka Kiswahili, si kwenda Kiswahili peke yake, ili mgeni asiyejua lugha ya mtaa ndiye avae kifaa cha masikioni. Atahitaji viti vilivyogeuzwa kutazamana. Na atahitaji kuamua, kabla ya siku yenyewe, kama kibao cha KIMYA kilichopigwa misumari ukutani kitafunikwa kwa kitambaa jioni hiyo au kitaachwa kilipo.